Je, Wajua? Chura Maridadi, Fisi wa Komeo na Swali la Mamboya

JE, WAJUA kwamba kuna chura wa milima ya Ukaguru, milima ile ile iliyokibeba kijiji cha Mamboya, ambaye jina lake la kisayansi ni Kiswahili kitupu? Anaitwa *Churamiti maridadi*. Alipatikana katika msitu wa Mamiwa-Kisara, na mwaka 2002 Alan Channing na William Stanley wakamtangaza kwa ulimwengu. Wenye kazi ya kuwapa viumbe majina wamezoea kuyachota katika Kilatini na Kigiriki. Hawa walichukua maneno ya kwetu wakayaandika kama yalivyo. Leo mtafiti wa Tokyo au wa Lima akitaka kumtaja kiumbe huyo hana njia nyingine: atatamka “chura miti”, kisha atasema “maridadi”. Nikilifikiria jambo hilo hufurahi kila mara. Chura mwenyewe yumo katika daraja la viumbe walio karibu kabisa kutoweka.

Je, wajua kwamba milima hii ya mashariki mwa Tanzania ina vyura wengine wasiotaga mayai majini? Wale wa jenasi ya *Nectophrynoides* huzaa watoto hai, wadogo kama punje, waliokwisha kuwa vyura kamili.

Je, wajua kwamba udadisi wa mnyama ulipewa jina la swali? Ivan Pavlov, yule Mrusi wa mbwa na kengele, alisumbuliwa na jambo moja katika maabara yake: mbwa akishafundishwa vizuri, mgeni akiingia mlangoni, mbwa huacha somo lote na kugeuza kichwa, masikio juu. Pavlov hakulipuuza jambo hilo. Aliliita mwitikio wa “nini hiki?” Kabla ya njaa na kabla ya woga, mwili wa mnyama hugeuka kwanza ukatazama.

Na je, wajua kwamba Mamboya iliingia katika historia ya vitabu vya lugha kwa swali linalofanana na hilo? Mwanzoni mwa miaka ya 1880 aliishi hapo mmisionari wa Church Missionary Society, J. T. Last. Mwaka 1885 kikachapishwa kitabu chake *Polyglotta Africana Orientalis*: maneno na sentensi 250, kila moja katika lugha na lahaja 48. Mwaka uliofuata ikatoka sarufi yake ya Kikaguru. Mtu huuliza, lugha 48, naye akiwa mlimani? Lakini Mamboya ilikuwa juu ya njia ya misafara, kati ya pwani na Mpwapwa. Lugha zilikuja zenyewe na mzigo kichwani, zikaomba maji, zikawasha moto, zikaondoka alfajiri. Aliyekuwa na daftari alibakiwa na kazi ya kuuliza: ninyi kwenu hiki mnakiitaje?

Mbwa wa Pavlov anauliza “nini hiki?” Mwandishi anaongeza “mnakiitaje?” Ninaamini kazi yetu yote imekaa kati ya maswali hayo mawili, na mengine yote ni tahajia.

Je, wajua kwamba fisi amesingiziwa? Katika hadithi zetu za jioni yeye ni mlafi anayekula mpaka anashindwa kutoka shimoni, na sungura ndiye mwenye akili. Wakaguru wana visa vyao vya hao wawili. T. O. Beidelman, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeanza utafiti Ukaguru mwaka 1957, alikusanya hadithi nyingi za huko, na mwaka 1961 akaandika katika jarida la *Africa* makala nzima juu ya fisi na sungura. Wakaguru hufuata ukoo wa mama, na Beidelman alionyesha kwamba ndani ya kisa hicho mna mvutano wa watu wa ukoo huo, mkubwa na mdogo. Watoto wanamcheka fisi. Watu wazima waliokaa nyuma ya moto wanajua anasemwa nani.

Sasa mtazame fisi wa kweli. Sarah Benson-Amram na Kay Holekamp waliweka sanduku la chuma huko Masai Mara, Kenya, nyama ikiwa ndani na mlango umefungwa kwa komeo. Matokeo yakatoka mwaka 2012. Fisi 62 walilijaribu, na 9 tu ndio waliofungua. Walichowazidi wenzao kilikuwa vitu viwili: hawakukiogopa kitu kigeni, na walijaribu mambo mengi ya aina mbalimbali. Waliuma, wakapindua, wakavuta, wakasukuma, wakakwaruza. Wengine walirudia jambo lile lile mpaka wakachoka, wakaenda zao.

Mwandishi aliyeandika sentensi yake ya kwanza kwa njia moja, ikakataa, naye akairudia vile vile kwa wino mzito zaidi, yumo katika wale 53.

Je, wajua kwamba tumbili atafanya kazi kwa ujira wa kutazama tu? Mwaka 1953 huko Marekani, Robert Butler aliwafungia tumbili wa Asia katika sanduku lenye kiza na vidirisha viwili vya rangi tofauti. Aliyesukuma kidirisha sahihi alipewa nafasi ya kuchungulia maabara kwa sekunde chache. Hapakuwa na ndizi wala karanga. Walijifunza, na wakaendelea kusukuma kwa saa nyingi.

Je, wajua kwamba swala humfuata duma? Katika Serengeti, Clare FitzGibbon aliwachunguza swala tomi na kuona jambo linaloonekana kama wazimu: swala akimwona duma, mara nyingi hasogei mbali, bali humkaribia, shingo imenyooka, akamtazama, akamfuata. Ana faida. Anajua adui yuko wapi na ana nia gani, na duma akijua ameonekana huhama akaenda kutafuta mahali pengine. Lakini kuna gharama, na FitzGibbon aliihesabu katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994. Kwa swala mzima, hatari ya kuuawa ilikuwa mara moja katika kila kukaribia 5,000. Kwa swala ambaye hajapevuka ilikuwa mara moja katika 417.

Hesabu hiyo nimeiandika ukutani juu ya meza yangu. Kijana anayetaka kuandika habari za wenye nguvu huambiwa asiwe mwoga. Ni kweli, asiwe. Lakini swala mzima hana woga pungufu kuliko mdogo. Ana miguu iliyokwisha kujua mbio. Anajua umbali wa kusimama.

Je, wajua kwamba mtoto wa tumbili huanza kusema kwa kukosea? Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walionyesha mwaka 1980, kwa tumbili wa Amboseli, kwamba wanyama hao wana mlio mmoja wa chui, mwingine wa tai na mwingine wa nyoka, na wenzao wanajua la kufanya kwa kila mmoja: kupanda mti, kutazama juu, kutazama majanini. Mtoto hupiga ule wa tai kwa ndege yeyote, hata asiye na madhara, hata jani linapoanguka kutoka juu. Hapigi ule wa chui kwa jani. Tangu mwanzo ana hisia ya kundi, yaani kitu cha juu ni cha juu. Kisha kwa kuwasikiliza wakubwa anapunguza, anapunguza, mpaka linabaki neno sahihi kwa kitu sahihi. Sijawahi kusoma maelezo mazuri zaidi ya namna mtu anavyojifunza kuandika.

Je, wajua kwamba shujaa mdadisi kuliko wote mkoani Morogoro alikuwa na uzito wa kilo 1.2? Magawa, panya buku, alizaliwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 2013, katika APOPO, mradi wa kufundisha panya kunusa mabomu, ulioanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens na kuhamia Morogoro mwaka 2000. Watu wengi humjua panya buku kwa hasara: anafukua mihogo, anaiba mahindi, anajaza mashavu kama mifuko na kupeleka shimoni. Weetjens alikuwa amefuga panya utotoni na alijua tabia yao. Panya haachi kunusa. Weka kitu kipya mbele yake, pua inatangulia.

Mafunzo yenyewe ni ya subira. Panya husikia sauti ndogo ya “tik”, kisha hupewa ndizi au karanga. Akishaelewa kwamba “tik” ni chakula, hufundishwa kwamba harufu ya baruti ndiyo inayoleta “tik”. Macho yake ni dhaifu, na hilo halimzuii. Uzito wake hautoshi kulipua bomu. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi, ambalo mtu mwenye kitambua-metali angelimaliza kwa siku kadhaa kwa sababu kifaa hulia kwa kila msumari na kila kizibo cha soda, panya hulimaliza ndani ya nusu saa, maana yeye hajali chuma. Anatafuta baruti tu. Magawa alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu na viripuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la Uingereza la PDSA lilimpa nishani ya dhahabu ya ushujaa, panya wa kwanza kuipata. Alikufa Januari 2022, akiwa mzee wa miaka minane. Wenzake wa Morogoro wamefundishwa pia kunusa makohozi ya wagonjwa na kubaini kifua kikuu ambacho darubini ilikikosa.

Kwa mwandishi, hapa pana fundisho la kazi ambalo ningependa lisomwe mara mbili: udadisi wa panya buku ulikuwepo tangu zamani, shambani, na tuliuita wizi. Aliyebadilisha mambo ni mtu aliyeuliza ile pua inatafuta nini.

Je, wajua kwamba tembo hujali mifupa? Huko Amboseli, Karen McComb na wenzake waliwawekea tembo mafuvu ya tembo, nyati na kifaru. Matokeo ya mwaka 2006 yalionyesha tembo wanalichunguza zaidi fuvu la tembo, na pembe za tembo zaidi ya kipande cha mti. Wanagusa kwa mkonga na kwa nyayo, polepole.

Je, wajua kwamba nyani wa Mikumi wamekuwa wakiandikwa tangu mwaka 1974? Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na jina lake limetokana na miti ya mikumi iliyosimama huko. Miaka kumi baadaye Ramon Rhine alianzisha utafiti wa nyani wa manjano, na watafiti wengine wakaupokea. Siku baada ya siku: nani kamsafisha nani, mtoto wa nani kaachishwa, nani kahama kundi. Hakuna mwandishi wa riwaya aliyewahi kuwa na daftari refu namna hiyo la familia moja.

Ila barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inaikata hifadhi hiyo kwa takriban kilomita 50. Nyani ni mdadisi, na maganda ya ndizi yanayorushwa dirishani humvuta mpaka kwenye lami. Ukipita Mikumi, usirushe kitu. Nakusihi.

Je, wajua kwamba moja ya hadithi kubwa za Kiswahili imeanza na nyani wawili na swali? Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alichapisha *Adili na Nduguze* mwaka 1952. Liwali mwema, mwenye sifa ya huruma, anaonekana akiwachapa nyani wawili usiku. Kwa nini? Mgeni anayeliona jambo hilo hapati usingizi, analipeleka kwa mfalme, na mfalme naye hatulii mpaka aambiwe. Ukimnyima mfalme yule udadisi, hadithi nzima haipo.

Na hili je? Kuna ndege anayeongea na mtu kwa manufaa ya wote wawili. Ni mlembe, yule mwongoza-asali. Mlembe anapenda nta na viluwiluwi vya nyuki lakini hana namna ya kupasua mti. Mtu ana shoka na moto lakini hajui mzinga uko wapi. Mmisionari Mreno João dos Santos, aliyekaa Sofala mwishoni mwa karne ya 16, alimwona ndege akiingia kanisani kudonoa nta ya mishumaa. Angeweza kumfukuza na kuendelea na ibada. Alimwandika. Mwaka 1989, Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer walipima kazi ya ndege huyo kwa Waborana wa Kenya: bila mlembe, mrina asali alitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga. Akiwa naye, saa 3.2.

Kisha ikaja habari tamu zaidi. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa mlio wa ulimi ukitetemeka na kuishia na mguno mfupi. Claire Spottiswoode na wenzake waligundua, mwaka 2016, kwamba mlio huo unapandisha uwezekano wa kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66. Wahadza wa Tanzania hawautumii. Wao hupiga mluzi. Mwaka 2023, Spottiswoode na Brian Wood wakatoa jawabu la swali lililofuata: mlembe wa Wahadza huko Kidero huja zaidi kwa mluzi wa Wahadza kuliko kwa mguno wa Wayao, na wa Niassa vivyo hivyo kwa mlio wa kwao. Ndege wa porini wanajua lahaja ya watu wa mahali pao. Mwandishi anayedhani msomaji atamfuata kwa mlio wowote amsikilize mlembe.

Je, wajua kuhusu chui wa Kilimanjaro? Mwaka 1926 mchungaji Richard Reusch alimkuta chui amekufa, ameganda, kwenye ukingo wa kreta ya Kibo, mbali kabisa na chakula cha chui. Mahali hapo bado panaitwa Leopard Point. Mwaka 1936 Ernest Hemingway alimweka mwanzoni mwa hadithi yake ya theluji za Kilimanjaro, akamwacha bila maelezo. Vizazi vya wasomaji vimeuliza chui yule alifuata nini kule juu. Mizoga mingi mno ya chui imelala katika nchi hii bila kuandikwa. Huyu amedumu kwa kuwa alikwenda mahali asipohitajika.

Je, wajua kwamba ndege mgeni kwa sayansi aligunduliwa ndani ya sufuria? Ilikuwa mwaka 1991, katika kambi ya watafiti wa Denmark kwenye milima ya Udzungwa. Kitoweo kimeiva, mtu anatazama ndani, anaona miguu ya ndege asiyemfahamu. Hebu fikiria njaa ya siku nzima ya kupanda mlima, kisha uweke kijiko chini kwa sababu ya miguu. Kwale yule alitangazwa mwaka 1994 kwa jina la *Xenoperdix udzungwensis*, na ndugu zake wa karibu wako Asia. Mwaka 2003 Jon Fjeldså na Jacob Kiure wakamtangaza mwenzake wa milima ya Rubeho, ambayo ni jirani ya Ukaguru yetu. Lakini aliyempika alikuwa amekwisha kumjua, na alijua pia kwamba analika.

Hilo ndilo linalonikera na kunifurahisha kwa pamoja. Mwaka 1979 Katherine Homewood na Alan Rodgers walisikia huko Sanje, chini ya Udzungwa, mlio wa tumbili wasiyemtarajia. Wenyeji walikuwa na jina lake tayari: ng’olaga. Mwaka 2003 huko Rungwe, Tim Davenport na wenzake walifuatilia maneno ya wawindaji wa Kinyakyusa waliomtaja nyani wa aibu aitwaye kipunji. Wengine wangesema ni hadithi. Kipunji alitangazwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika tangu mwaka 1923. Watu wale wale walioonekana hawana habari ndio waliokuwa nayo yote, na ilikuwa ikingoja kuulizwa.

Hata Jane Goodall, aliyefika Gombe tarehe 14 Julai 1960 na miezi michache baadaye akamwona sokwe David Greybeard akivua mchwa kwa ujani, alianzia bandani mwa kuku. Alikuwa na umri wa miaka minne hivi. Alijificha ndani kwa saa nyingi apate kuona yai linatokea wapi, huku nyumbani wakimtafuta kwa hofu. Aliporudi na majani kichwani, mama yake Vanne hakumchapa. Aliketi, akamsikiliza mpaka mwisho.

Basi nina ombi kwa vijana wanaoandika, walioko Mamboya, Berega, Kilosa, Mikumi na kwingineko. Wiki hii nenda kwa bibi au babu. Mtajie viumbe kumi: chura wa mitini, kwale, mlembe, panya buku, komba, sange, fisi, na watatu unaowachagua mwenyewe. Muulize kila mmoja anaitwaje kwa Kikaguru, kwa Kisagara au kwa Kividunda, analiaje, na kwao ana maana gani. Usimkate kauli. Andika jina kama anavyolitamka, na chini yake uandike kijiji, tarehe, na jina la aliyekuambia.